Hukumu ya Lindi

Mtu wa Kiringye akitiwa kasho, jamaa zake huuliza kwanza: «Amefanya nini?» Ni swali jema, lakini liko lingine lisilopasa kusahauliwa: «Nani atasikiliza kesi yake, na lini?» Sikilizeni habari hii ya kale.

Mwishoni mwa mwaka 1894 askari wa Dola Huru ya Kongo walimkamata Charles Stokes, mfanya biashara wa Ireland, aliyeingia nchini kutafuta pembe za ndovu. Walimpeleka Lindi, si ile ya pwani, bali ya misitu ya Kongo, mbele ya Kapteni Hubert Lothaire. Huko alishtakiwa ya kwamba aliwauzia bunduki na baruti Waarabu na Waswahili, adui za Dola. Tarehe 14 Januari 1895 alihukumiwa kufa, pasipo wakili wa kumtetea. Kesho yake akanyongwa. Nayo sheria ya Dola yenyewe ilimpa mtu asiye askari haki ya kukata rufani mbele ya korti kuu ya Boma!

Labda mtu atasema: «Alikuwa na kosa.» Huenda. Lakini rufani yamfaa nani, kama si yule anayedhaniwa kuwa na kosa?

Uingereza na Ujerumani zilinung'unika, na Dola ikawalipa faranga 150,000 na 100,000. Lothaire alishtakiwa mwaka 1896 huko Boma, kisha Bruseli; kote akaachiliwa. Tazameni: kesi ya aliyenyonga ilisikilizwa mara mbili, ya aliyenyongwa mara moja tu. Na Waafrika waliouawa zama zile pasipo hukumu, nani aliwaulizia?

Siku hizi haki hiyo si ya mgeni mwenye dola nyuma yake. Kifungu cha 18 cha Katiba ya mwaka 2006 chasema kwamba aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha aijuayo. Aruhusiwe kuonana na jamaa zake au wakili. Na saa 48 zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya kuhukumu.

Lakini sheria isiyojulikana haimtetei mtu. Basi, ninyi wanafunzi, jifunzeni kifungu hicho na kuwasomea wazee wenu. Nanyi wazazi, ndugu akikamatwa, andikeni kwanza siku na saa.