Ada sawa, kinga pungufu: bima kubwa inavyowaonea madereva vijana

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo linalowaumiza vijana waliopata leseni ya udereva hivi karibuni, pamoja na wazazi wanaowasaidia kununua gari la kwanza. Jambo lenyewe ni bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Kijana analipa ada ile ile anayolipa mtu mwenye leseni ya miaka 30, lakini siku ya ajali anaambiwa kwamba kinga yake ni pungufu, na kwamba upungufu huo aliusaini mwenyewe.

Binti yangu ana miaka 23. Ni muuguzi, ameajiriwa mwaka jana katika hospitali iliyo mbali na hapa Kihonda tunapoishi, na zamu za usiku humtoa au kumrudisha nyumbani saa ambazo daladala hazipo. Bodaboda usiku wa manane, kwa msichana aliye peke yake, ni jambo ambalo mzazi hawezi kulizoea. Alisoma udereva chuoni, akatahiniwa na askari wa usalama barabarani, akapata leseni daraja D, akailipia shilingi 70,000 kwa miaka 5 kama raia mwingine yeyote. Kwa akiba yake na sehemu ya kiinua mgongo changu niliyomkopesha tukanunua Toyota IST iliyotumika. Thamani yake iliandikwa shilingi milioni 14.

Bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, haikuwa na utata. Ni shilingi 118,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, awe dereva kijana au mzee. Lakini bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako likipondeka, utajua mwenyewe pa kupata bampa na rejeta. Kwa mtu ambaye gari ni mali yake ya kwanza, na bado anamrejeshea mama yake mkopo, bima ndogo peke yake ni hofu ya kila siku. Tukaamua kutafuta bima kubwa.

Tulizunguka kwa mawakala hapa Morogoro mjini na katika tawi moja la benki linalouza bima. Kote jibu lilikuwa lile lile: asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani shilingi 490,000, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 inafika 578,200. Zote kwa mkupuo. Kwa muuguzi anayeanza kazi hizo ni fedha nyingi mno, lakini hilo silo nililokuja kulalamikia. Tulikuwa tayari kujibana.

Binti aliomba asome mkataba kabla ya kutoa fedha. Wakala mmoja alituambia mkataba huja baadaye, baada ya malipo. Mwingine alitupatia nakala, nayo ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, herufi ndogo, kurasa nyingi. Kwenye ukurasa wa ndani kabisa ndipo tulipokuta kifungu kinachohusu kiasi ambacho mwenye gari anabeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa kitu, ambacho mawakala wanakiita ekisesi. Kwa dereva wa kawaida ni asilimia 10 ya hasara, isipungue shilingi 300,000. Kwa dereva mwenye umri chini ya miaka 25, au mwenye leseni isiyofikisha miaka 2, inaongezwa asilimia 10 nyingine, na nyongeza hiyo isipungue shilingi 500,000.

Tuseme gari limegonga nguzo pale Msamvu, boneti, taa na rejeta vimeharibika, na fundi amekadiria matengenezo kuwa shilingi milioni 2. Ningekuwa mimi kwenye usukani, ningetoa 300,000 na kampuni ingelipa 1,700,000. Akiwa binti yangu, anatoa 800,000 na kampuni inalipa 1,200,000. Gari ni lile lile, na ada iliyolipwa ni 578,200 ile ile. Hasara ikiwa ndogo, tuseme shilingi 700,000, mimi nitalipwa 400,000. Yeye hapati hata senti, maana sehemu yake ya kubeba imeizidi hasara yenyewe. Ajali za dereva mgeni kwa kawaida ndizo hizo ndogo: kukwangua ukuta wakati wa kurudi nyuma, kugusa bampa la aliye mbele kwenye foleni. Kwa ajali za namna hiyo binti yangu anakuwa amenunua bima kubwa inayofanya kazi ya bima ndogo.

Nilipomwuliza wakala kwa nini hakututajia kifungu hiki, alinijibu kwa adabu zote, akiniita mama na kunipa kiti. Kisha akanipa ushauri ambao ndio hasa ulionichochea kuandika barua hii. "Mama, andika jina lako wewe kuwa ndiye mwendeshaji mkuu. Binti aendeshe tu, nani atajua?"

Atajua mkaguzi wa madai siku ya ajali. Atasoma taarifa ya polisi, ataona nani alikuwa kwenye usukani saa 10 alfajiri, atauliza hospitalini nani huwa anakuja na gari lile. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa maelezo uliyotoa kwenye fomu, na ukibainika kudanganya katika jambo zito kama la nani anaendesha gari, kampuni inayo sababu ya kukataa kulipa kabisa. Wakala atakuwa ameshachukua kamisheni yake. Fomu ina sahihi yangu, haina yake. Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na sikutegemea kuona kijana aliyevaa tai, mwenye cheti cha uwakala ukutani, akimfundisha mama mzazi kusaini uongo mbele ya mwanawe. Nasikia kwa wazazi wenzangu kwamba ushauri huo huo walipewa wao pia, na wengine waliufuata kwa sababu walidhani ndio utaratibu.

Uongo huo una hasara nyingine isiyosemwa. Mwenye bima akimaliza mwaka bila kudai fidia, kampuni nyingi humpunguzia ada ya mwaka unaofuata. Punguzo hilo linakwenda kwa jina lililo kwenye mkataba. Binti akiendesha kwa uangalifu miaka 3 chini ya jina langu, sifa yote ni yangu mimi ambaye hata kituo cha mafuta sikijui. Akija kununua gari lake la pili ataanzia sifuri kama aliyepata leseni jana.

Sisemi kwamba kampuni zinawaogopa vijana bila sababu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Dereva mpya hajazoea kukadiria mwendo wa lori linaloshuka mlima, wala hajui namna lami inavyoteleza mvua ya kwanza inapoanguka. Kama hatari yake ni kubwa zaidi, na alipe zaidi, lakini aambiwe waziwazi siku ya kununua, kwa tarakimu anazoweza kuzilinganisha, ili achague. Kumtoza sawa na wengine halafu kumkata siku amesimama kando ya barabara na gari lililobondeka, hiyo siwezi kuiita bei ya hatari.

Tena hakuna njia anayopewa ya kuthibitisha kwamba yeye ni mwangalifu. Niliuliza kama cheti cha chuo cha udereva kinapunguza chochote. Hapana. Je, akikubali kufungiwa kifaa cha kufuatilia mwendo? Wakala alicheka. Sijui kilichomchekesha. Mabasi yetu ya mikoani yanafuatiliwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kwa mfumo wa VTS, unaoonyesha basi liko wapi na linakwenda kasi gani, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka, ili ijulikane nani hasa yuko kwenye usukani. Uingereza, vijana wengi hupata bima kwa kukubali kifaa cha namna hiyo kwenye gari, na utulivu wa anayeendesha huonekana kwenye ada yake. Sisi teknolojia tunayo na tumeizoea kwenye mabasi. Kampuni gani itakuwa ya kwanza kumwambia muuguzi wa miaka 23: tuonyeshe miezi 6 ya uendeshaji wako, nasi tutakuondolea ile nyongeza ya laki 5?

Nafahamu kuwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, huweka kiwango cha chini cha ada za magari ili kampuni zisishindane kushusha bei mpaka zikose fedha za kulipa madai. Naunga mkono. Bima rahisi isiyolipa ni wizi mtupu, na TIRA imefanya vema kutuwezesha kuhakiki stika ya bima kwa simu kwa kuingiza namba ya gari. Lakini kiwango cha chini cha ada hakina maana kama kampuni inaweza kuwapunguzia vijana kinga kadiri ipendavyo kupitia vifungu vya ndani. Mlango wa mbele umefungwa, wa uani uko wazi.

Halafu kuna suala la lugha. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hakimu anaweza kuniandikia hukumu kwa Kiswahili, lakini karatasi itakayoamua kama binti yangu atalipwa au hatalipwa bado inaandikwa kwa lugha ambayo hata wakala aliyeniuzia hakuweza kunifafanulia sentensi 2 mfululizo.

Sisi tumeandika ukweli. Jina la binti ndilo lililo kwenye mkataba, umri wake na tarehe ya leseni yake ni sahihi, na tumelipa zote 578,200. Nyongeza ya ekisesi tumeikubali kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kwenda. Ameanza kuweka akiba kidogo kidogo kila mwezi pembeni, ili ajali ikitokea awe na ile 800,000. Yaani ananunua bima kisha anajiwekea bima nyingine mwenyewe.

Naomba TIRA na umoja wa kampuni za bima, ATI, wanijibu kupitia gazeti hili. Je, wako tayari kuagiza kwamba kila mkataba wa bima kubwa uwe na ukurasa wa kwanza wa Kiswahili unaotaja kiasi ambacho dereva wa umri fulani atabeba mwenyewe, na usomwe kabla ya malipo? Na wakala anayemshauri mteja kudanganya jina la dereva anaripotiwa wapi, na anachukuliwa hatua gani?

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro.