Nakshi Chache Zilizo Zetu

Kwa miaka mingi kisiwa cha Pemba kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na fundi cherehani wetu alitegemea mguu wake. Mwaka 2010 umeme ulitufikia kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na tangu hapo zimefunguka kazi ambazo zamani zilikuwa ndoto. Mojawapo ni kudarizi kwa mashine. Sasa cherehani ya umeme iliyotiwa michoro ndani yake yaweza kutoa ua kwenye foronya hali mwenyewe ameketi akiliangalia.

Hilo ni jambo la heri, nasi tunawapongeza kina mama na vijana walioingia katika kazi hiyo. Lakini mashine haichagui. Hushona lolote iliyoamrishwa, zuri na baya, lenye faida na lenye hasara. Kuchagua ni kazi ya binadamu, na hapo ndipo biashara ndogo nyingi zinapokwama kabla ya kusimama.

Mwenye kuanza huvutiwa na nakshi iliyojaa: tausi wa rangi nane, mashada ya waridi yasiyoacha hata pengo la sindano. Hudhani kwamba wingi ndio uzuri. Na tufanye hesabu. Mashine ikipiga mishono 600 kwa dakika, nakshi ya mishono 6,000 humalizika kwa dakika 10. Nakshi ya mishono 30,000 huhitaji dakika 50. Kwa saa sita za kazi, wa kwanza aweza kutoa hadi vitambaa 36, wa pili asizidi saba. Tena mashine ya sindano moja husimama kila rangi inapobadilishwa, mpaka mshonaji autoe uzi wa kwanza na kuutia wa pili. Je, yuko mnunuzi wa kulipa mara tano kwa sababu ya tausi? Kila mwenye duka Chake Chake au Wete analijua jawabu.

Hasara haiishii kwenye saa. Nakshi nzito juu ya kitambaa chepesi hukivuta kikajikunja pembezoni, na baada ya kufuliwa huwa kibaya zaidi. Mnunuzi aliyeona hayo mara moja harudi, na huwaambia jirani zake. Kinyume chake, nakshi ya mistari michache, ya rangi moja au mbili, iliyoachiwa nafasi ya kupumua, hukaa vizuri juu ya foronya, mkoba na kitambaa cha meza. Maandishi nayo yasiwe madogo mno, kwani herufi ndogo hujaa uzi zikawa hazisomeki. Na kila nakshi mpya ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kitambaa kile kile kitakachouzwa, kisha kipande hicho kifuliwe, ndipo ianze kazi.

Watu watauliza: nakshi sahali, lakini ipi? Hatuna haja ya kwenda mbali. Tumba la karafuu ni kijiti kilichoshika kichwa cha duara kati ya meno manne. Mtoto wa Pemba aweza kulichora kwa kidole mchangani. Jahazi ni tanga moja na mstari wa maji. Popo wa Pemba, asiyezaliwa mahali pengine popote duniani, ni mbawa mbili zilizokunjuliwa. Suka za ukili na pindo za kanga zetu zimejaa mistari ambayo bibi zetu walikwisha kuipima kwa macho. Mgeni aweza kununua waridi katika soko lolote la dunia. Tumba la karafuu lililodariziwa mahali linapochumwa, atalinunua hapa.

Wapo watakaosema kwamba usahali ni unyonge, na kwamba bibi harusi hataki mashuka yenye ua moja. Hatuwapingi kabisa. Kazi ya harusi huagizwa, hulipiwa kwa bei yake, na mwenye kuiweza na aifanye. Tunalosema ni kwamba mtaji mdogo usijengwe juu yake. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Liko jambo jingine zito zaidi. Kofia ya kushonwa kwa mkono humchukua mama wiki nyingi, pengine miezi, naye hulea watoto kwa ujira huo. Mashine ikiigiza viua vyake, kisha kofia ikauzwa kwa jina la kazi ya mkono, huo si ujanja wa biashara. Ni udanganyifu, na anayeibiwa ni jirani yetu. Basi kila bidhaa iseme kweli: hii ni ya mkono, hii ni ya mashine. Mashine ina mikoba, foronya na sare za kuipatia riziki. Kofia ya mkono iachiwe heshima yake.

Kwa viongozi na watendaji wa Serikali tuna maneno matatu. Kwanza, vituo vya mafunzo ya amali, kikiwemo cha Vitongoji, visiishie kumfundisha kijana kutia uzi na kukanyaga swichi; vimfundishe pia kuchora, kuchagua nakshi na kukokotoa gharama ya kila mshono. Pili, kabla ya kikundi kukopeshwa fedha za mashine, kiulizwe kitashona nini na nani atanunua. Mashine isiyo na kazi ni deni lililofunikwa kitambaa. Tatu, nembo za sare za skuli na za idara ni kazi sahali, ya kudumu na yenye mnunuzi aliye wazi. Haifai ziagizwe kutoka nje ya kisiwa hali mafundi wetu wamekaa.

Nanyi kina mama na vijana mliokwisha kuanza, shaurianeni ili Wete, Mkoani na Konde visishone kitu kimoja vikaharibiana bei. Kila kikundi kiwe na nakshi tatu au nne, kizishone kwa usafi, mpaka mnunuzi akiiona kazi aseme mara moja imetoka kwa nani. Wazee wetu waliijulisha Pemba kwa dunia kwa karafuu waliyoichuma matawini. Sisi tunaweza kuongeza ile tutakayoidarizi kwa uzi, mradi tukubali kuchagua.