Sura Iliyo Kwenye Mkoba Ni ya Nani?

Tangu tarehe 1 Juni 2019, siku ambayo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, mkoba wa kitambaa umepata heshima ambayo hapo awali haukuwa nayo. Mjini Mtwara, kama ilivyo katika miji yetu mingine, mkoba huo sasa ni zawadi ya harusi, ya mahafali, na ya kumuaga mtumishi anayehamishwa. Tena fundi mwenye mashine ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta hautoi mtupu, huutia picha. Picha inayopendwa kuliko nyingine ni sura ya mwanamke wa kimitindo: shingo ndefu, kilemba kilichofungwa kwa madaha, hereni kubwa, macho yamefumbwa.

Nataka nieleweke mapema kwamba sina ugomvi na mashine. Wapo watakaosema kuwa kudarizi ni kazi ya mkono, na watatuonyesha kofia za Zanzibar na Lamu zilizoshonwa vitobo kimoja kimoja kwa sindano. Kofia hizo nazivulia kofia yangu. Lakini ubishi wenyewe umechelewa sana, kwa maana Isaak Gröbli wa Uswisi alibuni mashine yake ya kudarizi mwaka 1863, na tangu wakati huo dunia haijarudi nyuma. Mama anayelea watoto kwa mashine moja iliyowekwa barazani hastahili kulaumiwa kwa kuwa hakutumia sindano ya mkono.

Ninachohoji ni ile sura yenyewe. Nilimwuliza fundi mmoja, mama wa makamo, mwanamke aliyekuwa akitokeza chini ya sindano ni nani. Akacheka. “Huyu hana jina, mwanangu. Nimemnunua kwenye simu.”

Jibu hilo lina uzito kuliko lilivyosikika. Alichonunua mama yule ni faili, yaani orodha ya amri: sindano ichome hapa, isogee pale, uzi wa kahawia ukatwe, mweusi uingie. Sura ya ukubwa wa kiganja huweza kuwa na mishono elfu nyingi, na mashine huitekeleza yote bila kutofautisha mdomo na korosho. Basi msanii ni yule aliyepanga njia ya sindano. Anayetia uzi na kubonyeza kitufe ni mtumishi wake, hata kama mashine ni mali yake. Watu wa Mtwara tunalijua sana jambo la namna hii. Kila msimu tunalalamika kuwa korosho zetu hupita bandarini zikiwa ghafi, kwenda kubanguliwa India na Vietnam, na thamani yake ikabaki huko. Kumbe katika mkoba huu twakubali jambo lile lile kwa mlango wa nyuma: fikra twainunua ikiwa imekamilika, nasi twatoa mikono tu.

Hasara yake huonekana hata kwa macho. Nyingi ya sura hizo ni za mistari mitupu: ukingo wa shavu, nyusi, pua, midomo, basi. Ngozi haikushonwa. Ngozi ni kitambaa chenyewe. Sasa fundi akiichukua sura hiyo na kuishona juu ya turubai jeupe, mwanamke aliyekusudiwa kuwa Mwafrika hutoka mweupe kama karatasi, kilemba chake cha kitenge kikiwa kimebaki kichwani! Nimeiona mikoba ya namna hiyo, na wauzaji hawakuona ajabu. Dawa ya kwanza haigharimu kitu, nayo ni kuchagua kitambaa cha kahawia au cheusi. Dawa ya pili ni ngumu zaidi: kuijaza ngozi kwa uzi, rangi mbili au tatu za kahawia zikipishana, mishono ikifuata mviringo wa shavu ili mwanga uonekane unatoka upande mmoja. Kitambaa nacho hutaka kuegemezwa kwa karatasi ngumu nyuma yake, la sivyo mishono mingi hukivuta na uso ukakunjamana. Huo ni ujuzi unaofundishika.

Aibu yetu ni kubwa zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma wamechonga sura za watu vizazi kwa vizazi. Lipiko, kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma, hutiwa nywele halisi za binadamu, na chale za usoni huweza kuinuliwa kwa nta ya nyuki. Vinyago hivyo vinatamaniwa na ulimwengu mzima. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikaja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva. Kilirudishwa mwaka 2010, baada ya miaka 26.

Kinyago cha mti angalau kina mahali kilipo, na kwa hiyo chaweza kudaiwa. Sura iliyogeuzwa kuwa faili huweza kuwa katika mashine elfu kwa siku moja, na hakuna wa kuirudisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 tunayo, nayo inazihusu hata sanaa za jadi. Lakini sheria haimlindi mtu ambaye hajachora chochote. Ndiyo maana nasema VETA na SIDO, ambazo Mtwara zinajulikana, zifundishe uchoraji wa njia ya sindano pamoja na ushonaji, na wachongaji waitwe wakae meza moja na mafundi hao.

Nilipomshauri mama yule ashone sura ya lipiko, alinikatiza. Hayo ni mambo ya jando, akasema, wala si ya kubebea nyanya sokoni. Nikakiri kosa langu. Kisha akaingia ndani, akatoa picha ya marehemu mama yake, mzee mwenye chale mashavuni na ndona mdomoni, akaniuliza kama namfahamu mtu awezaye kuigeuza ikawa mishono. Hapa Mtwara sikumfahamu hata mmoja.