Mtu Mzima Apimwe kwa Pengo, Si kwa Hadithi

JUKWAA LA NYUMA
Na Hamisi Mwinyikombo

Klabu ya ligi kuu ya mpira wa Australia, AFL, ikimchukua kijana wa miaka 18, mashabiki humpa muda. Miguu bado ya kitoto, wanasema, mabega yatajaa, mwacheni akue. Msimu wa kwanza akicheza mechi tatu, hakuna neno. Wa pili akicheza saba, bado hakuna neno. Sasa klabu hiyohiyo imlete mtu wa miaka 26, mwenye mke na watoto, mchana kazini na jioni mazoezini, uone moto wake. Mechi mbili tu, hukumu imeshatoka: garasa.

Najua wapo wasomaji watakaoguna kwamba wiki hii tena nimekimbilia Australia ilhali Simba na Yanga zipo na zina mambo. Wagune. Mchezo ule umeniteka siku nyingi: mpira wa umbo la yai, uwanja wa duara refu, watu 18 kila upande, nguzo nne kila goli. Ukiupiga ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu una pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya ndefu na fupi, una moja ya kujifariji. Lakini leo sitaki mchezo wenyewe. Nataka ugomvi wa mashabiki wake, maana ni ugomvi ninaoona wanaukosea kila mwaka.

Kwanza mjue wanavyosajili. Kule hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji hanunuliwi kwa fedha taslimu kama huku kwetu. Kila Novemba klabu 18 hukaa kugawana vijana kwa zamu, aliyeshika mkia akitangulia kuchagua. Siku hiyo wanaiita drafti. Kijana asiyeitwa jina hurudi kwenye ligi za majimbo, VFL ya Victoria, SANFL ya Australia Kusini au WAFL ya Australia Magharibi, ambako malipo ni ya kusukumia siku na kila mtu ana kibarua chake. Kutoka huko, mmoja mmoja, wapo wanaokuja kuitwa wakiwa na miaka 22, 25, hata 27. Tangu 2019 imerudishwa pia drafti ndogo ya katikati ya msimu, ambayo klabu iliyopata majeruhi huitumia kuziba nafasi. Hao watu wazima ndio wenye kesi.

Swali la kwanza la shabiki huwa lilelile: kama ni mzuri, mbona aliachwa siku zote hizo?

Swali lina haki, ila linaelekezwa kwa mtu asiyehusika. Nitawapeleka kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, cha South Fremantle, mwaka 2017. Klabu hiyo ya WAFL mwaka huo ilitoa mshindi wa medali ya Sandover, anayopewa mchezaji bora wa ligi nzima: Haiden Schloithe. Nafasi ya pili akashika mwenzake wa jezi hiyohiyo, Tim Kelly. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo pia Marlion Pickett, ambaye hakutajwa sana. Wanaume watatu wazima, wanaoga kwenye bomba moja baada ya mazoezi. Novemba ilipofika, Geelong ikamwita Kelly kwa chaguo la 24, akiwa na miaka 23 na watoto watatu. Pickett hakuitwa. Na Schloithe, aliyembwaga Kelly kwa medali, hakuitwa mwaka ule wala baadaye.

Miaka miwili mbele, Kelly alikuwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha Australia nzima. Mwishoni mwa 2019 alipotaka kurudi nyumbani Perth, West Coast iliipa Geelong machaguo mawili ya raundi ya kwanza, na nyongeza juu yake, ili impate. Yaani mtu aliyepitwa na kila klabu kwa miaka mitano mfululizo, West Coast yenyewe ikiwemo na ikimtazama akicheza mjini kwake, sasa anabadilishwa kwa vijana wawili wa thamani ya juu kabisa. Niambieni Kelly alibadilika nini kati ya 2016 na 2019 kiasi hicho. Alibadilika kidogo, kama mtu yeyote anavyokomaa. Kikubwa kilichobadilika ni kwamba klabu moja ilimwita. Basi wanaopaswa kuulizwa "mbona aliachwa" ni wasaka vipaji, si yeye.

Wasaka vipaji nao wana lao. Wanapima vijana wa miaka 17 na 18: mbio za meta 20, kuruka, urefu, kukimbia kilomita mbili. Katika umri huo unachopima zaidi ni mwili wa nani umewahi kukomaa, na huyo ndiye anayeonekana ana kipaji. Mwenye mwendo wa polepole anapigwa kalamu papo hapo. Matt Priddis alisemwa hivyo, kwamba hana kasi, akapitwa, akaja kuokotwa na West Coast kwenye orodha ya akiba mwishoni mwa 2005. Mwaka 2014 akachukua medali ya Brownlow, ambayo ndiyo heshima ya juu kwa mchezaji wa ligi hiyo. Kasi yake mwaka huo ilikuwa ileile waliyoilalamikia.

Halafu kuna waliochelewa kwa sababu mpira wenyewe waliuona wakiwa wakubwa. Hapa Afrika Mashariki tunahusika moja kwa moja. Aliir Aliir, beki mrefu anayedaka mipira ya juu ya wapinzani kama anayechuma embe, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto, na mpira wa umbo la yai akaushika baada ya wenzake kuushika miaka na miaka. Ungetaka awe tayari akiwa na miaka 18? Hakuitwa katika mwaka wake. Sydney Swans walimchukua 2013, chaguo la 44, akiwa na miaka 19. Kwa hesabu za kule huyo si mtu mzima hasa, ni aliyechelewa kidogo tu, lakini mlango aliopitia ni huohuo. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, aliingia kikosi bora cha Australia.

Kwa upande wa pili wapo mashabiki wanaonichosha zaidi, na hao ni wale wanaompenda mtu mzima kabla hajagusa mpira. Wameshiba hadithi. Wakisikia jamaa alikuwa mwalimu, seremala, mzimamoto, machozi yanawatoka. Lawama ya hili naiweka kwa siku moja: tarehe 28 Septemba 2019.

Pickett, yule wa tatu katika chumba cha South Fremantle, aliitwa na Richmond katika drafti ya katikati ya msimu mwaka huo, akiwa na miaka 27. Ujana wake alikaa gerezani miaka miwili na nusu. Richmond wakamweka timu ya pili, akacheza, na wiki moja kabla ya fainali kuu akaibeba timu hiyo hadi ubingwa wa VFL na kuwa mchezaji bora wa fainali. Jack Graham wa timu ya kwanza akaumia bega. Pickett akapewa jezi. Mechi yake ya kwanza kabisa katika ligi kuu ikawa fainali kuu, uwanja wa MCG, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Jambo hilo lilikuwa halijatokea tangu 1952.

Nimeirudia mechi ile mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Kuna mpira unamjia, mpinzani amemkaribia shingoni, naye anageuka kwa mgongo, mara moja, bila kutazama, na yule mpinzani anabaki amekumbatia hewa. Ndiyo kwanza anaanza ligi! Baadaye alipofunga goli, karibu timu nzima ilimrukia. Richmond waliwachapa GWS Giants 114 kwa 25, na wakati wa kupiga kura za mchezaji bora wa fainali jina lake lilikuwamo.

Tangu siku hiyo kila mtu mzima anayesajiliwa anavalishwa nguo za Pickett. Hawamtendei haki. Kinachosahaulika ni kwamba Richmond ile ilikuwa timu iliyokamilika, imeshatwaa ubingwa 2017, na ilimhitaji mtu mmoja wa kukimbia pembeni na kufuata kazi aliyopewa. Hakuombwa aokoe jahazi. Alipewa pengo la upana fulani, na upana wake ukalingana nalo. Maisha yake ya nyuma yanasikitisha na yanatia moyo, lakini Damien Hardwick, kocha wake, hakumpanga kwa ajili hiyo.

James Podsiadly ni mfano ninaoupenda kuliko huo, ingawa hauna machozi. Alishapitia klabu mbili kubwa bila kucheza mechi ya ligi kuu, akarudi VFL, akawa mmoja wa wanaosimamia mazoezi ya viungo pale Geelong. Wachezaji walikuwa wakikimbia kwa filimbi yake. Geelong, mabingwa wa 2007 na 2009, walikosa mshambuliaji mrefu wa kusimama mbele ya goli. Wakageuka, wakamwona amesimama hapohapo na filimbi shingoni. Mwaka 2010 akacheza mechi ya kwanza akiwa na miaka 28, na 2011 akawa bingwa, japo bega lilimtoka kwenye fainali yenyewe. Miaka 28! Huku kwetu angeshapunguza minne kwenye cheti na kutambulishwa kama chipukizi.

Kwa hiyo anapotangazwa mtu mzima, mimi huuliza kwanza anakuja kuziba wapi. Michael Barlow alikuja Fremantle mwishoni mwa 2009 kutoka Werribee ya VFL, miaka 22, kwenye orodha ya akiba, na Fremantle walikuwa na njaa ya mtu wa katikati anayeupata mpira kwenye msongamano. Mechi ya kwanza aliugusa mara 33. Kufika katikati ya msimu alikuwa anatajwa miongoni mwa wachezaji bora wa ligi, kisha Julai mguu ukavunjika. Mwaka uliofuata klabu hiyohiyo ilimwanzisha Tendai Mzungu, miaka 25, naye akitokea WAFL. Huyo hakuwahi kuwa galacha wa kupambwa magazetini, lakini Fremantle hawakumleta awe galacha.

Wengi wao, tuseme ukweli, hucheza mechi chache na kurudi walikotoka. Mkataba wa katikati ya msimu unaweza kuwa wa miezi sita tu. Katika miezi hiyo mtu anahama kutoka Perth kwenda Melbourne, saa nne hivi angani, anatafuta nyumba, watoto wanatafutiwa shule, na Jumanne anatakiwa awe amekariri ishara na mipango ambayo wenzake wameifanyia kazi tangu Novemba. Mchezaji wa aina hiyo akicheza mechi sita, akamfuta mpinzani mmoja hatari katika mbili kati ya hizo, amelipa deni. Shabiki anayetaka magoli na vibweka juu yake anataka mchezaji mwingine, ambaye klabu isingempata mwezi Mei kwa bei yoyote.

Naelewa malalamiko ya aina moja. Orodha ya klabu ina mwisho wake, watu arobaini na kitu, na klabu iliyo mkiani haijengwi kwa watu wa miaka 27. West Coast walishinda mechi moja tu msimu mzima wa 2025. Shabiki wa timu kama hiyo akiona nafasi ya kijana imepewa mtu ambaye atakuwa ameng'atuka siku timu ikiiva, ana haki ya kupiga kelele, na klabu ina wajibu wa kumjibu. Jibu lipo wakati mwingine: vijana wanaopigwa kila Jumamosi bila mtu mzima wa kuwapokelea makonde huharibika mapema. Lakini jibu hilo litolewe waziwazi, lisifichwe nyuma ya video ya mtu analia na mkewe jikoni.

Ila klabu iliyo nafasi ya sita mwezi Mei, beki wake tegemeo amevunjika mkono, na akiba yake ni vijana watatu wa miaka 19 wanaosukumwa kama mapazia? Hapo sielewi mashabiki wanabishana nini. Mchukueni huyo wa miaka 26 kabla jirani hajamchukua.