Uvimbe wa Mbwa Mzee: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Dodoma

Mbwa akishapita miaka saba au minane, kuota uvimbe si jambo la ajabu, na mara nyingi hauna hatari. Ule laini unaoteleza chini ya vidole kwa kawaida ni mafuta tu. Wenye joto na maumivu huenda ni jipu. Wenye kitundu katikati huenda una funza. Uvimbe wa chuchu kwa jike asiyefungwa kizazi ni habari nyingine: karibu nusu yake huwa saratani, na ukiondolewa kabla haujafika sentimita 3, matumaini ya kupona ni makubwa zaidi. Upo pia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Huvuja damu na kuwatisha wengi, ingawa mara nyingi hupona kabisa kwa sindano za vinkristini za kila wiki, bila upasuaji.

Kuupapasa hakutoshi kuujua, hata kwa daktari mzoefu. Jibu la kwanza hutoka kwenye sindano nyembamba: chembe chache huvutwa, hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kwa kawaida mbwa hahitaji nusukaputi. Rangi ya Giemsa, ileile inayotumika kutafuta ndigana kali kwa ng'ombe, inafaa hapa pia. Kipimo hiki hakimalizi kila swali, hasa kwa uvimbe wa chuchu, lakini humwepusha maskini kulipia upasuaji usiohitajika, na humhimiza asichelewe pale unapohitajika.

Tatizo ni kukipata. Kliniki za mbwa na paka ziko zaidi katika miji mikubwa. Vijijini aliye karibu ni afisa mifugo, na kazi yake imepangwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa hukumbukwa siku ya chanjo ya kichaa. Basi mwenye mbwa huenda dukani kununua antibiotiki. Saratani haisikii antibiotiki, na miezi inayopotea ndiyo ambayo upasuaji ungefaa. Mnyama aliyelinda nyumba ya watu miaka kumi anastahili zaidi ya hayo.

Wizara haianzi mikono mitupu. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina maabara kuu Temeke na vituo vya kanda, na kioo kilichokauka vizuri husafiri salama kwa basi. Maafisa mifugo wafundishwe kuchukua chembe hizo chini ya usimamizi wa daktari, na bei ya kusomewa kioo ibandikwe katika kila ofisi ya mifugo ya halmashauri. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinafundisha madaktari wa wanyama wanaohitaji mazoezi ya upasuaji. Ruzuku ya Wizara ingewawezesha walimu na wanafunzi hao kuwahudumia mbwa wa wenye kipato kidogo. Kampeni za chanjo ya kichaa nazo ziongezewe huduma ya kufunga kizazi majike wangali wachanga, kwani hatua hiyo hupunguza uvimbe wa chuchu uzeeni.