Mizani ya Duka la Mtandaoni

Mfanyabiashara mchanga hulipia matangazo, kisha huhesabu waliopenda picha zake akadhani amepata wanunuzi. La kuulizwa ni hili: mteja ameingilia wapi, na ameishia ukurasa upi?

Jibu lake halihitaji mtaji. Google Analytics imetolewa bure tangu Novemba 2005. Akaunti ya biashara ya Instagram nayo huonyesha, bila malipo, idadi ya waliofikiwa. Kwa nini basi kukimbilia programu za kulipia kila mwezi?

Lakini bure hiyo ina bei yake: habari za wageni wako hukaa kwa Google. Anayeziona kuwa ni amana, ipo Matomo, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik. Programu hailipiwi, na habari hubaki katika seva yako. Ila seva hulipiwa, na huhitaji mjuzi wa kuiendesha.