Babu chini ya gunia
Vita vya Mau Mau nchini Kenya, vilivyopiganwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, viliwagawa Wakikuyu nyumba kwa nyumba: mmoja msituni na wapiganaji wa Mau Mau, nduguye akiwa homugadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali ya kikoloni ya Uingereza. Wengine walivishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, gakunia, na washukiwa wa Mau Mau wakapitishwa mbele yao mmoja mmoja ili watambuliwe. Gunia likiinama, mtu huyo alipelekwa kizuizini. Katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954 walizuiliwa zaidi ya watu 20,000.

Sura iliyokuwa ndani ya gunia haikuonekana, na wenye siri hiyo walizeeka nayo, wakawa babu wapole wa kupakata wajukuu. Mjukuu anapoigundua, mapenzi hayafutiki, na kosa nalo halifutiki. Kumtetea marehemu kwa uongo ni kuwadhulumu waliofungwa, ingawa ni haki kukumbuka kwamba baadhi walishurutishwa. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso ya wakati huo. Mashahidi waliobaki ni wachache mno. Waulizwe sasa, kwa upole, wangali hai.